Waliolala Ndani ya Jani

"Hivi shangazi yako anapanda migomba au anafuga popo?" Ndivyo seremala wa nyumba ya pili alivyomwuliza Chiriku asubuhi moja, mkononi ameshika papai la mpapai wake lililoliwa nusu.

Chiriku aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Aliegemeza fagio ukutani, akajibu haraka, "Ni popo hao, fundi! Nimewaona kwa macho yangu mawili wakilila."

Macho hayo hayakuona popo yeyote. Papai alilila yeye mwenyewe jana, akasikia hatua, akalitupa na kutimua mbio.

"Basi dawa yao ninayo," alisema seremala. "Nikachukue panga, niifyeke migomba yote iliyoinamia kwangu. Hawatapata pa kulala."

Chiriku alishtuka. Migomba hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na shangazi, na kumsomesha. Alikimbia shambani, akamkuta shangazi akipogoa majani makavu.

"Shangazi, fundi anakuja na…"

"Shii! Leo ufunge huo mdomo. Njoo uchungulie, ila usiguse."

Jani changa lilisimama wima katikati ya mgomba, limejikunja kama mkeka. Shangazi aliliinamisha jani taratibu. Chiriku alichungulia ndani. Popo wadogo kama kidole gumba walikuwa wamebanana, vichwa juu, wameng'ang'ania ukuta laini wa jani kwa vidole vyenye visahani vidogo vya kunatia. Masikio yao yalitetemeka. Mmoja alikuwa na mtoto kifuani, mdogo kuliko harage.

"Mungu hashindwi," alinong'ona shangazi. "Jani likifunguka, kesho au keshokutwa, watahamia jingine changa. Migomba ikifyekwa, wahamie wapi?"

"Wanakula nini?"

"Mbu na vijidudu. Matunda hawana habari nayo."

Chiriku aligeuka kutazama njia. Papo hapo seremala akatokea na panga. Alipoliinua, Chiriku akasimama mbele ya mgomba.

"Fundi, usikate! Papai nililila mimi."

"Wewe? Na yale macho mawili?"

"Yalisema uongo, fundi. Nisamehe. Nitakufagilia maranda karakanani mpaka papai jingine liive."

Seremala alimtazama shangazi. Shangazi hakumtetea mtoto.

"Atafagia," alisema. "Lakini kwanza, fundi, njoo uone kazi ya Fundi Mkuu."

Seremala, mtu wa miraba minne, alijikunja kama mtoto, akachungulia. Alikaa hivyo kitambo kirefu, mdomo wazi.

Shangazi alimshika Chiriku bega. "Mwanangu, kosa lako libebe mwenyewe. Ukimtwika asiye na ulimi wa kujitetea, unamdhulumu mara mbili, na Aliyemuumba anaona."

"Nimesikia, shangazi."

Seremala aliinuka polepole. Alilitia panga lake kwapani, akanyata kwa vidole vya miguu kama mtu anayetoka chumba cha mtoto aliyelala, akaenda zake.