Skrini ya Molo

Haya yalimpata Tanveer, rafiki yangu wa Nakuru, na mpaka leo bati likikwaruzwa yeye hutoka nje.

Alikuwa fundi wa kompyuta kwa mnunuzi wa viazi. Yeye na Hiram, mweka stoo wa Molo, walifanya kazi kwenye ukurasa mmoja wa kompyuta kupitia laini ya simu, kila mmoja akiuona kwake. Skrini ya Hiram ilikuwa ndogo, ya kizamani, na kila akiingia, herufi za Tanveer nazo zilijibana kwa kona, maana ukurasa ulifuata skrini iliyo ndogo. Tanveer alimchukia kwa hilo tu.

Januari 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, zikajibana tena. Hiram akaandika: "Boss, wako kwa geti. Tuma lori."

Tanveer alisoma, akasonya. "Hata leo lazima unibanie skrini?" Akamtoa kwenye laini kwa amri moja, na skrini ikapanuka vizuri. Jioni hiyo stoo iliungua na Hiram ndani, na kompyuta, na waya wa simu.

Machi, mchana wa mvua, stima ikapotea. Ofisi ikawa giza, mashine zikabaki kwa betri. Modemu, kile kifaa cha kupokea laini ya Molo, ikalia kama kucha kwenye bati, na herufi zikajibana. Tanveer akapanga upana upya, zikakataa. Akauliza mashine nani ameingia. Ikajibu: wawili, Nakuru na Molo.

Akamtoa huyo wa Molo. Kucha zikakwaruza, skrini ikarudi ndogo zaidi. Akamtoa tena na tena, hadi ukabaki mstari mmoja. Hapo herufi zikaanza kujiandika, polepole, kama za mtu aliyebakiwa na kidole kimoja:

"Boss, lori imetoka?"