Rungu Lililochongwa kwa Jino la Papa

Jumamosi asubuhi soko la Talamahu halina pa kukanyaga. Luseane alikuwa akijipenyeza na kikapu cha magimbi, gauni la bluu mwilini, kiunoni amefunga kiekie mpya, ule mkanda wa ukindu wenye vishada, mara vishada vyake vikanasa kwenye meza ya mchongaji. Marungu matano ya vita yakaporomoka chini kwa kishindo.

"Dada, vita vilikwisha zamani," mchongaji akasema. "Umekuja kuvianzisha upya?"

"Meza yako ndiyo imenishika kiuno, bwana. Ifundishe adabu."

"Ina macho, maskini. Siyo kosa lake."

Luseane akacheka kabla hajataka kucheka. Mwanamume huyo aliitwa Fatai, kifua kipana, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Luseane akayaokota marungu, akayapapasa kwa mazoea, maana kazi yake ilikuwa kukagua vitu vya kale, ili vya mababu visivushwe nje ya nchi. Haya yalikuwa mapya, kazi ya patasi ya chuma. Mazuri tu.

Basi simu zikaanza.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula majani ya magimbi kwa tui. Wewe je?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Utakonda, Fatai!"

Ikapita miezi minne, mitamu.

Siku moja bandarini likafunguliwa sanduku la mgeni mmoja mkusanyaji. Ndani mlikuwa na rungu la mvinje, zito, jeusi, limejaa vijitu vidogo na mistari myembamba kama nywele. Luseane akaligeuza chini ya kioo cha kukuzia. Alama ya chuma hata moja hakuiona. Hivyo ndivyo walivyochonga watu wa zamani, kwa jino la papa, chuma kikiwa hakijafika. Akaandika barua: La kale. Lisitoke. Akatia sahihi.

Kumbe aliyeliuza ni Fatai. Kesho yake habari zikafika sokoni, wakamwita mwizi wa mababu, na mama mmoja wa viazi vikuu, jirani wa meza yake, akahamisha mafungu yake asikae karibu naye.

Simu ikalia.

"Luseane, barua ile ni mkono wako?"

"Ni wangu. Sikujua rungu ni lako. Lakini Fatai, ulilitoa wapi?"

"Kumbe na wewe unaniuliza nilikoiba."

"Sijasema hiv..."

Ikakatwa. Akapiga mara tisa. Hakupokea.

Asubuhi akamfuata kwao Kolofo'ou. Akamkuta kwenye kibanda cha jikoni, gogo la mvinje amelibana magotini, mkononi kijiti kilichofungwa jino la papa. Anakwangua taratibu, mstari mwembamba baada ya mwingine. Luseane akaitambua mistari ile.

"Ni wewe uliyelichonga lile rungu."

"Mwaka mzima." Hakuinua macho. "Jino kaniachia baba."

"Mbona sokoni unatumia patasi?"

"Sokoni watu wanataka la leo leo."

"Si ungeniambia! Miezi minne tunaongea mpaka simu zinachemka, jino hulitaji!"

"Ningekuambiaje? Kwamba nimeuza rungu langu la mwaka mzima ninunue nguruwe mnene wa kupeleka kwa baba yako na shangazi zako, nije niku..."

Akalikwangua gogo kwa nguvu. Maneno yalikwisha kutoka.

"Rudia," Luseane akasema.

"Sirudii. Mwizi haposi."

Jumatatu Luseane akamleta mkuu wake wa kazi, mzee wa miwani. Mzee akakaa juu ya ndoo saa nzima, akilitazama jino linavyokula mti. "Lo!" akasema. Baadaye tena, "Lo!" Luseane akaandika barua nyingine: Nilikosea. Rungu ni jipya, mchongaji ni Fatai Moala. Ofisini wakamwambia aiweke kwenye faili, yatosha.

Kwake haikutosha. Jumamosi akaingia sokoni na barua, akaisoma kwa sauti meza hadi meza, aibu imemjaa masikioni, hadi kwa mama wa viazi vikuu. Yule mama akaweka mkono kiunoni.

"Tumesikia, mwanangu. Lakini afisa mzima kuja kujisomea makosa yako sokoni! Huyu Fatai ni nani wako?"

Nyuma ya meza yake, Fatai akaacha patasi.

"Ni mchumba wangu," Luseane akasema, kwa sauti ileile ya barua. "Ila hajaniposa. Alikataa mpaka jina lake lisafike. Nimelisafisha. Sasa mwulizeni, anangoja nini?"

Mama wa viazi akamgeukia Fatai. Soko zima likageuka.