Spana ya Upande wa Pili

Hili alinisimulia shoga yangu mshonaji, wajukuu zangu. Lilimpata kaka yake, fundi wa malori.

Fundi huyo alifanya kazi na mkewe. Bolti za springi zikiliwa na kutu, ukizungusha nati, bolti nayo inazunguka, mpaka mtu aizuie upande wa pili. Basi mume anafungua, mke anazuia.

"Umeshika?"

"Nimeshika, wewe zungusha, usinizeeshe hapa."

Mke akafa. Watu wakamwambia atafute msaidizi. Akasema, "Nafasi ile ina mwenyewe."

Siku moja likaletwa lori kuukuu, libadilishwe springi. Mvua inanyesha, umeme umekatika, chini ya lori giza totoro. Akatia mafuta, akagonga nyundo, wapi. Bolti inazunguka tu, kwii, kwii. Kwa mazoea akauliza, "Umeshika?"

Halafu upande wa pili chuma kikagusa chuma, ng'a. Bolti ikatulia. Nati ikafunguka.

Akazifungua na zilizobaki huku analia, hasemi kitu, anaogopa asije akamfukuza aliyeshika. Ilipobaki ya mwisho, akaifungua, akaikaza tena. Akaifungua, akaikaza, mpaka mikono ikamwishia nguvu.

Alipozunguka kutazama, hapakuwa na mtu. Spana ya mkewe, ambayo tangu mazishi haikushuka ukutani, ilikuwa imekaa kwenye bolti. Kile kitambaa mkewe alichokifunga kwenye mpini, ili spana isimteleze, kilikuwa kimelowa jasho, na bado kina joto.

Haya, vuteni shuka mlale. Bibi yupo hapa hapa.