Damu ya Chuma Haishuki

Hebu nikutege. Ninaye mtumishi, kazi yake moja tu: kufungua ngumi zilizofumbwa. Siku akifungwa mikono, nyumba nzima inakufa imekunja ngumi. Nani huyo? Usikimbilie kujibu. Twende kwanza penye maiti.

Maiti ilikuwa imelala ubavu kati ya matuta mawili ya waridi, ndani ya banda la maua, bomba la dawa bado liko mgongoni. Povu mdomoni. Mboni za macho zimesinyaa kama ncha za sindano. Barakoa imechanika, na kipande chake kimo ndani ya ngumi ya kulia, kimebanwa hata koplo akashindwa kukichomoa.

"Wanamwita Chuma, afande," koplo akamwambia Inspekta. "Mpuliza dawa."

"Kwa nini Chuma?"

Mpuliza dawa mwenzake akadakia. "Sisi kila Jumatatu tunatobolewa kidole zahanati, mama, kuangalia dawa imetuingia kiasi gani. Damu ikishuka, banda huingii, unapelekwa kufunga maboksi mpaka ipande. Mimi nimeshuka mara tatu. Huyu miezi sita hajashuka hata chembe! Hata muuguzi, shemeji yake, alikuwa akimtania: mwenzetu ulizaliwa au ulifuliwa na mhunzi?"

Wawili watatu wakacheka, kisha wakakumbuka walikosimama.

"Alikuwa mzima kweli?"

"Mzima wapi! Mwezi sasa anatetemeka, anatokwa machozi kama anamenya vitunguu. Tukimwambia pumzika, anasema damu yangu nzuri."

Kufika adhuhuri, mtunza stoo alishatiwa mahabusu. Mkuu wa kituo hakuwa na muda wa kuzungushwa.

"Katoa barakoa mbovu, mtu kafa. Kesho asubuhi mahakamani."

"Nipe mpaka jioni, mkuu."

"Ya nini? Wewe kila kitu lazima ukichokonoe."

Mtunza stoo alikuwa ameshika nondo za mlango wa mahabusu kwa mikono miwili. "Mama, ile barakoa niliifungua kwenye nailoni mbele yake. Mpya! Nina watoto wanne na mke mgonjwa. Nikifungwa, nani atawalisha?"

Inspekta alikwenda zahanati ya shamba, akachukua kadi zote zenye jina la marehemu. Kila Jumatatu tone moja hupimwa, tone jingine hukaushwa kwenye kadi na kuwekwa. Kadi akampelekea daktari wa maiti.

Daktari alikuwa akinawa. "Barakoa haikuwa mbovu. Kaichana mwenyewe akitafuta pumzi."

"Kafa na nini?"

"Kukaza. Tazama: ukitaka kufumba mkono, mshipa wa fahamu unadondosha chembe za kemikali kwenye msuli. Msuli unakaza. Kisha kuna kimeng'enya kinazikatakata zile chembe, msuli unalegea. Sasa hii dawa ya wadudu, molekuli yake inajibana kwenye mdomo wa kimeng'enya na haibanduki. Amri ya kukaza ipo, wa kusema legeza hayupo. Mate yanamwagika, kifua kinabana, moyo unachoka."

"Ndivyo inavyomuua mdudu?"

"Ndivyo. Ila mdudu ana nafuu, yeye haimchukui miezi."

Umemwona mtumishi wetu? Ndiye huyo, kafungwa mikono.

"Na kadi?" Inspekta akauliza.

Daktari akajifuta vidole kimoja kimoja. "Damu safi, vimeng'enya vimejaa tele. Kasoro ni moja. Damu ya mwanamke."

Jioni alimkuta muuguzi akipanga vichupa, kiremba cheupe, viatu vimepigwa rangi. Mwanamke nadhifu. Koplo akasimama mlangoni.

"Naomba mkono wako wa kushoto, dada."

"Wa nini?"

"Nitakusomea nyota. Lete."

Vidole vitatu vilikuwa na vijitundu, vingine vya zamani, vingine vibichi.

"Nani anamtoboa muuguzi?"

Muuguzi akauvuta mkono wake.

"Kadi zote zina damu ya mwanamke. Nikipima itakuwa yako?"

"Usijisumbue kupima."

"Damu yake ya kweli ilikuwaje?"

"Mwezi wa pili ilishuka ikabaki nusu. Mwezi wa nne robo. Juzi Jumatatu hapakuwa na kitu cha kupima." Alisema hivyo kama anayesoma joto la mgonjwa. "Nikaandika nzuri. Akarudi bandani."

"Alikuja anatetemeka?"

"Hata kikombe alishindwa kushika."

"Jumatatu hiyo alikwambia nini?"

Muuguzi akafunga kichupa, akakiweka kwenye mstari.

"Alikukosea nini?"

"Unajua sheria ya hapa? Ovaroli haitoki nje. Kila mpulizaji anafua ya kwake, kwenye karo la nyuma. Yeye akasema, 'Nifue mimi, na mke ninaye?' Kila siku anaibeba nyumbani. Mdogo wangu, mkewe, akafua kwa mikono mitupu, na mimba ya miezi saba. Nilimwambia shemeji, acha. Mara tatu nilimwambia. Akanicheka. Akasema dawa ya maua haiui mtu, mbona yeye anaipuliza na ni mzima. Haikupita wiki, mdogo wangu akafa."

"Wakasema alikufa na nini?"

"Kifafa cha mimba. Mimi ndiye niliyemwosha, mama. Mboni zake zilikuwa hivi." Akabana kucha mbili mpaka pasionekane nafasi. "Ngumi zake tulishindwa kuzikunjua, tukamzika nazo. Mtoto tumboni naye. Arobaini haikuwa imefika, shemeji akaanza kuulizia mchumba. Nikasema haya, si haiui? Ipulize."

"Na mtunza stoo angefungwa, ungenyamaza?"

"Ningenyamaza."

Koplo akatoa pingu. Inspekta akapiga simu kituoni: mtunza stoo aachiwe, sasa hivi, arudi kwa watoto wake. Kisha akamgeukia muuguzi.

"Bado hujanijibu. Jumatatu alikwambia nini?"

Muuguzi akaitazama mikono yake ndani ya pingu.

"Alisema, 'Mwili unaniambia nakufa, shemeji. Lakini mimi nakuamini wewe kuliko mwili wangu.'"