Funda Moja la Mai Tai

Du! Du! Du!

Niliusikia mlio huo kabla sijaiona hata nyumba yenyewe. Mchi ulikuwa unapiga kitu kigumu kilichofungwa kwenye kitambaa, na ulitokea upande wa chumba cha Dorine. Nikatabasamu peke yangu. Mchumba wangu anapika.

Halafu nikasikia mwanaume anacheka.

Haikuwa redio. Alikuwa mwanaume mzima, anacheka kwa raha zake ndani ya chumba cha mwanamke ambaye kesho yake, baada ya misa, nilikuwa naenda kumposa.

"Piga, dada, piga! Barafu hiyo bado ina mabonge!"

Baiskeli ikaniponyoka ikaanguka kwenye majani. Sikuiokota.

Mimi ni Makarius, fundi wa kuchomelea mageti hapa Bombambili. Shule niliishia darasa la saba, lakini mashairi nimejifundisha mwenyewe, na mtu wa kunishinda vina mjini Songea sijakutana naye bado. Kiburi ninacho, sikatai. Wivu pia ninao, na wiki hiyo ulikuwa umeshapata chakula. Jumatano simu ya Dorine iliwaka mezani, nikasoma kabla hajaigeuza:

"Nakuja Jumamosi na mzigo wako. Jamaa yako asijue. Alfani."

Nilimuuliza, "Alfani ni nani?"

"Mtu wa Tunduru."

"Mtu wa Tunduru wa nini?"

"Maka, kula chakula kinapoa."

Ndilo jibu nililopewa. Nikalilalia, nikaamka nalo, nikachomelea nalo mageti. Sasa Jumamosi imefika na huyo mtu anacheka ndani.

Nikasogea dirishani. Pazia lilikuwa halijafungwa vizuri. Nikaona meza imejaa: ndimu zilizokatwa, majani ya mnanaa, chupa ya ramu, jagi lenye kitu cheupe kama maziwa, na glasi mbili zinazofanana. Dorine alikuwa amefunga kitenge kiunoni, jasho linamtoka. Pembeni yake alikaa kijana mrefu mwenye baraghashia, miguu ameinyoosha kama yuko kwao.

Dorine akachukua glasi moja. Akapiga funda. Akatulia kidogo, akameza. Halafu akampa yule kijana glasi ileile, kwa mikono miwili.



Ngoja nikueleze maana ya glasi hiyo. Ukoo wa kina Dorine, kule Maposeni, una utaratibu wake. Siku ya posa msichana hajibu kwa mdomo. Anatengeneza kinywaji kwa mkono wake mwenyewe, anapiga funda moja mbele ya wazee, halafu anampa mwanaume glasi ileile. Akikupa, umekubaliwa. Asipokupa, beba watu wako mwondoke. Dorine mwenyewe ndiye aliyenieleza, akaniambia, "Kwetu hiyo glasi ndiyo 'ndiyo' yangu."

Na 'ndiyo' iliyokuwa yangu nimeiona inaingia mkononi kwa Alfani.

Mshenga wangu, Mzee Kajetani, alikuwa ametangulia Maposeni tangu asubuhi kupanga mapokezi yetu. Nikatoa simu. Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi hasira ikinishika inakuja na vina:

"Mzee rudi nyumbani, posa yangu naondoa,
Nimeona dirishani, gilasi ameitoa,
Kampa mtu mgeni, huyo ndiye wa kuoa,
Sitarudi Maposeni, pendo limepata doa."

Nikatuma. Ndipo nikausukuma mlango.

"Endeleeni!" nikasema. "Msisimame kwa ajili yangu, glasi nimeiona dirishani. Harusi lini?"

Dorine akaruka. "Maka! Mbona umekuja mapema? Toka, toka nje kwanza!"

"Nitoke? Niwapishe?"

Yule kijana akainuka, mkono mbele. "Karibu, kaka. Mimi naitwa Alfani..."

"Nakujua. Wewe ndiye mwenye mzigo ambao jamaa yake asijue."

"Eeh," akasema Alfani, akarudisha mkono taratibu. "Dada, nilikwambia huyu bwana atakuja na moto."

"Usimwite dada! Dada yako yuko Tunduru!"

"Dada yangu yuko hapahapa Songea, kaka. Ni Saada. Anafanya kazi na mchumba wako kule loji, baa moja, kaunta moja."

Sikutaka kusikia. Nikamnyang'anya glasi, nikaimimina yote kooni. Nilitaka nionje huo usaliti wao, niujue ladha yake.

Ilikuwa na ubaridi mkali, ndimu, chungwa, na utamu mzito wenye harufu ya korosho. Nikasubiri ukali wa ramu unichome. Haukuja.

"Ramu iko wapi?" nikauliza kama mjinga.

"Iko kwenye ile nyingine," Dorine akajibu. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na akishusha sauti hivyo ujue yuko mbali na wewe. "Ile nyingine nilikuwa nafanyia majaribio ya kesho. Hii nimemtengenezea Alfani bila ramu, maana ni mtu wa swala. Nimezitikisa kwa zamu, nikaziweka pamoja, sura ni moja. Nikaogopa nisije nikampa haramu kwa mkono wangu. Ndiyo maana nimeonja kwanza. Ulitaka nifanyeje? Nimpe mgeni ramu kisa wewe uko dirishani?"

Nikairudisha glasi mezani.

"Unakumbuka ulipokuja loji kuchomelea lile geti?" akaendelea. "Ukamwona mgeni pale baa anakunywa kitu kina barafu na majani juu. Ukaniuliza ni nini. Nikakwambia ni mai tai, kinywaji cha ramu cha mtindo wa tiki, wa visiwa vya Pasifiki. Ukasema nini?"

"Nilisema..."

"Sema!"

"Nilisema siku moja nitakunywa hicho, na atakayenitengenezea ni wewe."

"Ulivyojidai siku ile, na mikono ina masizi! Nikakupenda palepale. Basi nikasema siku ya posa sitengenezi kingine. Lakini mai tai inataka sharubati ya lozi. Lozi Songea nitazitoa wapi? Saada akanishauri nijaribu korosho, kaka yake ataleta. Alfani amekuja toka Tunduru na mfuko wa korosho. Nimeziloweka, nimezisaga, nimezichuja, nimezichemsha na sukari. Na nilimwambia wewe usijue, kwa sababu nilitaka uone glasi mbele ya wazee ndiyo ushangae."

Alfani akakohoa. "Kaka, mimi nina mke na mikorosho ya kupalilia. Nguvu hiyo ya wivu ningekuwa nayo, shamba langu lisingeota hata gugu moja."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilikuwa nimeikumbuka simu.

"Dorine. Mzee Kajetani... nimemtumia ujumbe."

"Ujumbe gani?"

Simu ikaita kabla sijajibu. Alikuwa yeye. Dorine akaichukua mkononi mwangu akaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba. Makarius, ujumbe umefika, mwanangu. Nimeusoma mbele ya wazee wote, kama ulivyo."

"Umeusoma?"

"Mara mbili. Babu yao mmoja hasikii vizuri. Vina vimekaa sawasawa, hilo wamelisifu. Lakini mama wa binti analia, na bibi yake anataka kuongea."

Kukawa na mkwaruzo, halafu sauti ya Bibi Skolastika, kavu na ya polepole.

"Wewe kijana. Sisi hatuposwi kwa simu, wala hatuachwi kwa simu. Kesho uje useme mwenyewe, ukinitazama. Na mjukuu wangu aje. Na huyo mgeni wa kwenye shairi naye aje."

Ikakatwa.

Dorine akaanza kukusanya ndimu mezani. Hakulia. Nilimsogelea.

"Mpenzi..."

"Nenda nyumbani, Maka. Kesho nitakuja na glasi. Kama nitakupa au sitakupa, sijui. Nakuambia ukweli, sijui."

Jumapili niliingia uani kwao Maposeni nikiwa na shati jeupe. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti, mahindi yameanikwa nyuma yao. Mzee Kajetani hakunitazama. Bibi Skolastika alikuwa katikati.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mgeni wa kwenye shairi yuko wapi?"

Alfani akainama kwa heshima. "Ni mimi, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Ulikunywa kilichoonjwa na mjukuu wangu?"

"Nilikunywa kidogo, Bibi. Kingi alikimaliza huyu."

Watu wakaanza kucheka, wakajizuia.

"Na kwa nini alikuonjea?"

"Aliogopa isije ikawa na ramu, na mimi dini hainiruhusu. Bibi, hata kwetu si kila mtu angekumbuka kunilinda hivyo. Binti yenu ametunzwa."

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaita, "Dorine!"

Alitoka na sinia. Mbele yetu wote akamimina ramu, akakamua ndimu, akaongeza ramu nyingine iliyolowekwa maganda ya chungwa, akamalizia na sharubati nyeupe ya korosho. Akafunika kopo lake akatikisa, chaka-chaka-chaka, mpaka kopo likatoka ukungu. Akamimina juu ya barafu iliyopondwa, akachomeka mnanaa na kipande cha ndimu. Mama mmoja akanong'ona, "Kinywaji au bustani?"

Dorine akapiga funda. Akameza. Akaja akasimama mbele yangu.

Nikanyoosha mikono. Hakunipa.

"Posa uliondoa kwa maneno," akasema. "Irudishe kwa maneno."

Nikashusha pumzi. Usiku kucha nilikuwa nimeandaa beti, tamu kuliko zote nilizowahi kutunga. "Ewe Dorine mwandani..."

"Hapana." Akavuta glasi nyuma. "Bila vina. Ulipoandika kwa vina ulikuwa unasikiliza sauti yako. Leo nataka nikusikie mimi."

Barafu ilikuwa inayeyuka, tone linashuka kwenye kidole chake. Nilijua ikiisha hiyo barafu, nami nimekwisha. Nikapiga goti kwenye vumbi la Maposeni, na shati langu jeupe, mbele ya Alfani na wazee wote.

"Bibi, mnisamehe. Mama, unisamehe. Alfani, nisamehe, ndugu yangu."

Halafu nikamtazama yeye.

"Dorine, wivu ninao, na sitakudanganya kwamba utaisha kesho. Lakini nakuahidi, hawa wote wakisikia: siku nikiona kitu kikanichoma, nitagonga mlango, nitaingia, na nitakuuliza wewe, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote chini ya jua. Na utakachonijibu, nitakikalisha moyoni kwanza, ndipo niongee."

Dorine akanipa glasi ileile, kwa mikono miwili.