Trei ya Kijani

Jumatatu asubuhi maabara ilinuka mayai ya kuchemsha. Daktari, mtafiti aliyekuwa akichunguza jinsi dawa na vitamini zinavyowaathiri watoto walio tumboni, alifungua mlango akajua kabla hajaona. Kidhibiti joto cha mashine ya kutotolesha vifaranga kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho. Mayai yote yalikuwa yameiva. Alizima umeme ukutani, hakugusa kingine, akapiga simu polisi na kukaa sakafuni.

Kituoni walicheka. Inspekta aliyepewa kesi aliulizwa kama apelekewe na chumvi. Alikuwa mama wa makamo asiye na subira na mzaha. Alipomkuta Daktari macho mekundu, aliketi kando yake akaomba aelezwe polepole.

Kulikuwa na dawa ya kifafa, Daktari alieleza, ambayo baadhi ya wajawazito hawana budi kuimeza, maana kifafa chenyewe huweza kuwaua. Alitaka kujua inamfanya nini mtoto, na kama vitamini zinaweza kumkinga. Alianza na mayai ya kuku. Trei zilikuwa tatu: nyekundu, kijani na buluu. Yeye peke yake alijua kila trei ilichomwa sindano ya nini, na kwa sababu hiyo hakuruhusiwa kuzigusa tena, asije akaona anachotaka kuona. Aliyezilea alikuwa msaidizi wake, binti mpole aliyeyamulika mayai kwa tochi na kuyageuza kwa mkono: asubuhi alama ya msalaba juu, jioni alama ya duara juu.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa wakala wa kampuni inayouza dawa hiyo. Ijumaa alikuja na tabasamu pana, akaondoka amenuna. Lakini tangu Jumamosi alikuwa mji mwingine akimuuguza mama mkwe, na wauguzi walimkumbuka vizuri kwa jinsi alivyowasumbua. Kisha akaja mtafiti wa chumba cha pili, aliyekuwa akiigombea mashine ile mwaka mzima.

"Simpendi, ndiyo," alisema bila kupepesa macho. "Lakini mashine naitaka nzima. Niichome ya nini?"

Msaidizi alisema alichelewa, akakuta watu wamekwisha kujaa. Mara ya mwisho kuyagusa mayai ilikuwa Jumapili jioni.

"Uliyaachaje?" Inspekta aliuliza.

"Duara juu, afande. Kama kila jioni."

Inspekta aliifungua mashine. Akavuta trei ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila yai lilikuwa limelala msalaba juu. Moyo wake ukawa mzito, kwa kuwa angependa mkosaji awe yule wakala.

Aliwaita Daktari na msaidizi, akafunga mlango.

"Aliyekuja kuyaua mayai haya aliyageuza kwanza, moja moja," alisema. "Wakala asingejua. Jirani asingejali. Daktari haruhusiwi. Mwanangu, leo ulikuja alfajiri, siyo?"

Msaidizi aliitazama mikono yake.

"Ilikwenda yenyewe," alisema. "Kila asubuhi nayageuza. Hata leo nilishindwa kuyaacha vile."

Yaliyobaki yalimtoka kwa kwikwi. Alikuwa na kifafa, alimeza dawa hiyohiyo, na sasa alikuwa mjamzito. Hakumwambia Daktari, akiogopa kuondolewa kazini. Tochi ilimwonyesha vifaranga wa trei nyekundu wakiwa na migongo iliyo wazi. Mumewe naye alikwisha apa: siku utafiti utakaposema dawa ni mbaya, mkewe hataimeza tena nyumbani kwake.

"Dada yangu aliiacha alipopata mimba," alisema. "Tulimzika na mimba yake. Nilitaka utafiti unyamaze tu mpaka nijifungue."

Daktari hakufoka. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Vifaranga wa trei ya kijani uliwaonaje?"

"Wazima. Karibu wote. Nilidhani ni maji matupu yasiyo na dawa."

"Maji ni buluu. Kijani nilichoma dawa ileile, pamoja na vitamini."

Msaidizi alishika tumbo. Aliuliza kama anaweza kuanza vitamini hiyo leo. Daktari alimjibu kweli tupu: yai si mtoto, mimba ikishapiga hatua kinga hupungua, na hakuwa na ahadi ya kumpa. Dawa asiiache hata siku moja, na daktari bingwa amwone leo hii. Na mume, Daktari angezungumza naye mwenyewe.

"Ungeniuliza tu, mdogo wangu," Daktari alisema, na hapo ndipo alipolia.

Inspekta alisema kesi itaandikwa, hilo halikwepeki, ila gari litapitia hospitali kwanza. Daktari aliingia nyuma, akakaa karibu na msaidizi wake. Kuanza utafiti upya kungechukua miezi mingi, na mimba haikuwa na muda huo.