Bibi Donatienne Apeleka Watoto Kuchanjwa

Kila asubuhi Bibi Donatienne alichemsha chai ya tangawizi, kisha akafungua kidogo mlango wa nyumba yao ya ghorofani, mtaa wa St. James Town. Alipenda kusikia watu wakipita nje. Kwao Uvira, kando ya ziwa, mlango haukufungwa mchana. Hapa Toronto jirani hupita kimya, macho kwenye simu. Jambo hilo lilimuuma.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Mkwewe, Darlène, alikuwa hospitali na mtoto wake njiti. Mtoto alikuwa mdogo kama mkate alipozaliwa, lakini sasa alikuwa amepata nguvu. Angerudi nyumbani baada ya wiki mbili hivi. Daktari aliwaambia, "Wote wanaoishi nyumbani wachanjwe homa ya mafua mapema. Chanjo huchukua kama wiki mbili kufanya kazi. Mtoto huyu bado ni mdogo mno kuchanjwa, kwa hiyo ninyi ndio ngao yake."

Wakubwa walishachanjwa. Alibaki Amandine, mjukuu wa Bibi, mwenye miaka sita. Kutwa kucha alikuwa akiuliza atamshika lini mdogo wake.

Onesphore, baba yake, alikuwa anatoka kwenda kiwandani. "Mama, ningoje," alisema. "Nikirudi nitampeleka mwenyewe."

"Wee Onesphore! Wewe ulipelekwa na nani? Si mimi?" Bibi alicheka. "Nenda kazini, mwanangu."

Alipokunywa chai, moyo wake ulirudi Uvira. Siku ya chanjo alipita mtaani akiita, "Leteni watoto!" Akina mama waliokwenda shamba au sokoni walimwachia watoto wao. Alishika wawili, akabeba mmoja mgongoni, wengine wakafuata. Zahanati ilinuka sabuni. Mzani ulining'inia, na mtoto akipimwa alipiga mateke hewani. Muuguzi hakuuliza mtoto ni wa nani, maana aliujua mtaa mzima. Wakirudi, Bibi aliwanunulia mandazi, na machozi yalikauka njiani. Ah, siku zile zilikuwa tamu, jamani, hata na vilio vyake!

Basi Bibi akamvalisha Amandine koti. Patrick naye alikuwepo, mtoto wa jirani yao Nyaboke. Nyaboke ni muuguzi kutoka Kenya, na akitoka zamu ya usiku humwachia Bibi mtoto, pamoja na kadi yake ya afya, ili yeye mwenyewe alale.

"Na wewe vaa koti," Bibi akamwambia. "Siku ya chanjo hatumwachi mtoto nyuma."

Kwenye duka la dawa, mfamasia aliitwa Nazlin. Wazazi wake walitoka Mwanza, na alizungumza Kiswahili polepole.

"Karibu, Mama. Watoto hawa ni nani wako?"

"Ni wangu."

"Wote wawili?"

"Wote!" Bibi akajibu kwa fahari.

Nazlin akatazama kadi zao za afya. Kisha akatazama kitambulisho cha Bibi. "Mama, majina hayafanani hata moja."

"Kwetu kila mtoto hupewa jina lake. Kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya. Lakini mzazi, au mlezi wa kisheria, ndiye anayekubali mtoto achanjwe. Wewe ndiye mzazi?"

"Mimi ni bibi yao."

Bibi akampa nambari ya Onesphore, Nazlin akapiga simu. Haikupokelewa. Kiwandani simu huachwa kabatini.

"Basi leo siwezi, Mama. Samahani sana."

Uso wa Bibi ukamwaka. "Unaniona mwizi wa watoto? Mimi? Nimepeleka mtaa mzima kuchanjwa!" Akawashika watoto mikono, akatoka. Njiani machozi yalimtoka. Amandine alimtazama, akauliza kama sasa hatamshika mdogo wake. Bibi akazidisha mwendo.

Nyaboke alipoamka, Bibi alimsimulia yote. Nyaboke akashtuka.

"Bibi! Patrick alichanjwa juzi kwa daktari wake!"

Bibi akakaa kitini pu. "Eh, Mungu wangu! Ningemchoma mtoto wako mara mbili bure?"

"Na ungekuwa hujui. Ndiyo maana wanauliza." Nyaboke akamshika mkono. "Uvira muuguzi alimjua mama wa kila mtoto. Hapa hatujuani. Mzazi ndiye anayejua mtoto ameshachanjwa nini, na dawa gani inamdhuru. Swali lile si la kukudharau wewe. Ni la kumlinda mtoto."

"Mkono mmoja haulei mwana," Bibi akanung'unika.

"Kweli kabisa. Ila mkono wa mzazi usikose."

Bibi akamtazama. "Nisamehe, Mama Patrick. Ilinipasa kukuamsha kwanza."

"Yameisha, Bibi."

"Sasa tufanyeje?"

"Tupige simu dukani kabla ya kwenda, maana kila duka lina utaratibu wake. Onesphore abebe kitambulisho chake, kadi ya afya ya mtoto, na cheti cha kuzaliwa. Majina yao hayafanani, lakini cheti kinaonyesha wazazi ni nani. Siku mzazi hawezi kwenda, muulize mfamasia kama atakubali barua aliyoisaini, au kuzungumza naye kwa simu. Na mtu anayelea mtoto asiye wake abebe hati ya ulezi."

Bibi alipiga simu mwenyewe. Nazlin alifurahi kumsikia.

Jumapili, baada ya ibada, walikwenda watatu. Nazlin akasoma cheti, akamwuliza Onesphore kuhusu afya ya mtoto. Onesphore akajibu, akakubali achanjwe. Amandine akafumba macho, na sindano ikaisha kabla hajalia.

"Jana nilikukasirikia, mwanangu," Bibi akamwambia Nazlin.

"Najua, Mama. Nilikuumiza, nami sikupenda. Lakini nisingeuliza, ningekosea zaidi."

Onesphore akakunja mkono wa shati, akaonyesha kovu dogo begani. "Hili ni la Uvira. Mama ndiye aliyenipeleka."

"Ulipiga kelele mpaka ziwani!" Bibi akasema. Wakacheka. Njiani akawanunulia donati, maana mandazi hayakuwepo.

Mtoto wa Darlène aliporudi nyumbani, theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka. Amandine alinawa mikono, akakaa katikati ya kochi. Bibi akamwekea mdogo wake mapajani, taratibu. Chumba kilinuka sabuni, na Bibi akakumbuka zahanati, akakumbuka watoto wote aliowabeba. Machozi yakamjia, lakini safari hii ya furaha.

"Bibi, huyu ni wangu?" Amandine akauliza kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kiingereza kidogo kama hicho Bibi alikielewa.

"Ni wako. Ni wangu. Ni wetu sote," akajibu. "Ila siku yake ya chanjo ikifika, tutamwita baba yake kwanza."

Onesphore akacheka mpaka mtoto akaamka.